Sifuri kwa Mwandiko Wangu

Vijana wenzangu wa chumba cha upasuaji, siku ya kuniaga mlinizunguka mkiwa na sahani za pilau mikononi, mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Nimeyatafuta hayo mawili matatu kwa miezi mitatu hapa nyumbani Bigwa, nikaona ninalo moja tu. Mengine yote yamo vitabuni, au mwulizeni Dokta Lema, ambaye anapenda sana kuulizwa. Hili moja halimo kitabuni. Linanihusu mimi, na kila nikilikumbuka nashtuka upya, hata nikiwa nakatakata vitunguu.

Msitegemee kusoma habari za vyeo vyangu. Barua zake ziko kwenye bahasha juu ya kabati, na panya wakipenda wazisome.

Atakayeokota karatasi hizi bila kunijua, mimi ni Kulwa, muuguzi wa usingizi. Kazi yetu ni kumlaza mgonjwa ili akatwe bila kujua, kumlinda akiwa hajijui, kisha kumrudisha duniani. Mgonjwa akipona, daktari aliyemkata huletewa kuku. Sisi huulizwa kwa nini koo linamkwaruza.

Nilifika Morogoro kutoka Tabora nikiwa na sanduku la bati na cheti kipya. Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Mkude, Mluguru wa Matombo, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyotetemeka. Alisoma cheti changu, akasikia natoka wapi, uso ukamchangamka. "Karibu mtani," aliniambia. "Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo tangu enzi za babu zenu. Haya, beba ule mtungi wa oksijeni." Nikaubeba. Nilipoutua nilimjibu kwamba babu zangu walipopita huku na mizigo yao waliwakuta Waluguru wamejificha mlimani. Alicheka mpaka barakoa ikamvuka, na kuanzia hapo akawa mwalimu wangu.

Siku hizo hatukuwa na hizi skrini zenu zinazolia kama vifaranga. Tulikuwa na kisikilizio tulichokibandika kifuani kwa mgonjwa kwa plasta, na mrija wake ukaingia sikioni mwangu kutwa nzima. Sikio langu la kushoto mpaka leo husikia mapigo ya watu ambao hawapo. Mzee Mkude alinifundisha kushika mshipa wa shavuni kwa kidole kimoja huku naandika kwa mkono mwingine, kutazama rangi ya kucha, na kutomwamini mtu anayesema hajala kitu tangu jana. Kubwa kuliko yote, alinifundisha salamu.

Hakumlaza mtu kabla ya kumsalimia kwa jina na kumwuliza watu wa nyumbani kwake. Tena hakumruhusu mtu atoke chumba cha kuzindukia kabla hajaitikia salamu. "Akiitikia sawasawa ujue pumzi imerudi, ulimi haujaanguka nyuma, na akili imekumbuka adabu," aliniambia. "Akikuitikia hovyo, usimwache." Kipimo hicho kilikuwa kizuri, na sioni haya kusema kimeokoa watu. Kijana mmoja aliwahi kuniitikia "marahaba" nilipomwambia "hujambo", nikabaki naye, na dakika mbili baadaye pumzi ikamkatika nami nikiwa nimesimama kando yake. Nilimrudisha. Mpaka leo sijui kama aliwahi kuambiwa.

Mzee Mkude alistaafu, na miaka ikaenda. Ikaja fomu mpya yenye kisanduku cha maumivu: mwulize mgonjwa anaumwa kiasi gani, uandike kuanzia sifuri mpaka kumi. Sikuona ugumu wowote, kwa sababu mgonjwa nilikuwa namsalimia tayari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Unajisikiaje?"

"Salama tu, namshukuru Mungu."

Naandika sifuri, naenda kitanda kinachofuata. Nilifanya hivyo miaka mingi. Wakaguzi walikuja, wakafungua mafaili yangu, wakatikisa vichwa kwa furaha. Niliambiwa niwafundishe wengine, nami nikawafundisha. Baadhi yenu nilikufundisheni mimi, kwa mkono wangu huu.

Kisha akaja Dokta Lema na kamera yake. Ni bingwa wa masikio, pua na koo, Mchaga mrefu, wakati huo akiwa na umri wa mtoto wangu wa mwisho, na alivaa viatu vya mpira vya rangi ya chungwa ambavyo hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza alivipata wapi. Kabla yake wagonjwa wenye nyama za puani tuliwapeleka Dar es Salaam. Yeye aliingiza kamera nyembamba kupitia tundu la pua na kuondoa vile vinyama laini, vinavyofanana na zabibu zilizomenywa, bila kuacha kovu usoni. Akimaliza, hujaza pua utepe mrefu wa gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ili damu isimame. Utepe hukaa siku mbili, kisha huvutwa. Kwa siku hizo mbili mtu anapumua kwa mdomo, macho yanatoka machozi, na kichwa kizima kinakuwa kizito. Haya nayajua leo. Wakati ule niliyajua kwa kuyasoma tu.

Katika wiki zake za mwanzo alinifuata nikiwa nahesabu sindano. "Mama," aliniambia kwa upole, "nyuma ya pua, juu ya kaakaa, kuna fundo la mishipa ya fahamu. Tukilipa ganzi kabla mgonjwa hajaamka, pua inalala saa nyingi. Akizinduka hasikii moto ule. Tuanze kufanya?"

"Dokta," nilimjibu, "wagonjwa wangu hawaumwi."

Nikaenda kabatini nikamletea faili. Alifungua karatasi moja, ya pili, ya tano. "Wote sifuri?" akaniuliza.

"Wote."

Akanitazama kwa muda. Nilidhani ananistaajabia. Nikaongeza kwamba watu wa huku ni wavumilivu, siyo kama hao wa mjini aliowazoea, na kwamba sindano ya bure ni sindano ya hatari. Angeweza kubishana nami. Cheo alikuwa nacho, elimu alikuwa nayo. Lakini nilikuwa mama yake kwa umri, kwa hiyo alisema tu, "Sawa, mama," akaondoka na viatu vyake vya chungwa. Adabu yake siku ile iliwagharimu watu wengi, na aliyemziba mdomo ni mimi.

Sasa nawaletea Bi Mwanaidi. Alikuwa bibi wa miaka kama sabini, mkulima wa njegere kutoka vilima vya juu ya Mgeta, mwembamba, mwenye miguu iliyokakamaa kwa kupanda na kushuka. Pua zake zote mbili zilikuwa zimeziba kabisa. Hakulala chali miaka mingi, na hakunusa kitu: aliwahi kuunguza maziwa mpaka sufuria ikatoboka naye ameketi pembeni yake. Dokta Lema alipanga kumfanyia upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto akipona.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipozinduka nilikuwa pembeni yake. Nilimshika mkono nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," alisema, sauti ikitokea kooni maana pua ilikuwa imejaa gozi. Nikamwuliza hali. "Salama tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni. Niliyafuta kwa pamba, nikajiambia ni dawa ya usingizi inayotoa machozi. Nikaandika sifuri.

Asubuhi ya siku ya kuvuta gozi kitanda chake kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri, kikombe kimesuuzwa. Alikuwa ametoroka na utepe mzima puani.

Dokta Lema alibadilika rangi. Gozi ile ikikaa inaoza, akatueleza, na usaha unaweza kupanda hadi kwenye macho au ubongo. Ikilegea mtu akiwa amelala, inaweza kuteleza ikaziba koo. Simu ya bibi haikupatikana. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu nikasema nitakwenda mimi. Msinisifu. Nilikwenda kwa hasira. Nilikuwa na fomu yangu mkobani inayosema sifuri, na nilitaka kumwuliza uso kwa uso mgonjwa asiyeumwa anatorokaje.

Nilimchukua Rehema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi kwetu. Mnamjua, ndiye mkuu wenu sasa. Alizaliwa Mgeta na anakijua Kiluguru. Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa linapanda tupu kufuata kabichi, tukapita Mzumbe, tukaanza kuukwea mlima. Dereva alikata kona zile kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na muhogo wa kuchoma. Lori lilipotuacha tukaanza njia ya miguu. Rehema alikuwa anapanda huku anaongea. Mimi nilikuwa napanda huku natubu dhambi zangu zote.

Tulimkuta Bi Mwanaidi barazani kwake, ameketi mkekani na ungo wa njegere mapajani, anamenya. Alikuwa amejifunga kanga usoni, imebaki sehemu ya macho tu. Harufu ilitufikia kabla ya salamu.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni. Habari za mjini?"

"Nzuri. Unaendeleaje?"

"Salama tu."

Naapa kwenu, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu. Rehema ndiye aliyechuchumaa akamshika kiganja. Akanigeukia macho yamemtoka. "Mama, ana homa. Mkono unawaka moto!"

Niliketi mkekani bila kukaribishwa. "Bibi," nikamwuliza, "una homa, pua inaoza, mbona unaniambia salama?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemwuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Umeniamkia, mwanangu. Nikujibu nini? Wewe umeniheshimu, mimi nikutupie maumivu yangu usoni?"

"Na siku ile hospitali?"

"Siku ile uliniamkia vizuri zaidi. Ulinishika na mkono."

Nikatoa swali ambalo lilikuwa limechapwa kwenye fomu yangu miaka yote na sikuwahi kuliuliza jinsi lilivyo. "Siku ile uliumwa kiasi gani?"

Hakujibu kwa mdomo. Aliitua njegere aliyokuwa anaimenya, akaunyanyua ungo kwa mikono miwili, akaniwekea wote mapajani.

"Hizo," alisema. "Na zilizoko shambani."

Rehema aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi niliutazama ungo ule. Ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Nimewahi kuona tumbo likifunguliwa na damu kuruka hadi kwenye taa. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwa ungo ule wa mboga.

Bi Mwanaidi akaendelea kwa utulivu, kama anaeleza habari za mtu mwingine. "Niliposikia mnasema keshokutwa mnavuta, nikajiambia: kama kuingia kulikuwa vile, kutoka kutakuwaje? Na upande wa kushoto bado unanisubiri. Asubuhi mlipokuwa mnabadilishana zamu nikavaa kanga zangu, nikaondoka. Heri nibaki bila pua."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Si mliniuliza, na mimi nikajibu? Ningeonekana mwongo."

Nilisimama, nikaenda pembeni ya shamba ambako simu ilishika mtandao, nikampigia Dokta Lema. "Dokta," nilimwambia, "ile ganzi yako ya nyuma ya pua. Bado unaikumbuka?"

"Naikumbuka, mama."

"Iandae. Nashuka naye."

Lakini bibi mwenyewe alikuwa bado hajakubali kushuka. Nilirudi mkekani nikamweleza Bi Mwanaidi kwamba gozi ile ikiendelea kukaa itamwua, na kwamba ipo dawa ya kuilaza pua yote kabla ya mtu kuigusa. Alisikiliza huku anamenya.

"Wewe umeshawahi kumpa mtu dawa hiyo?" akaniuliza.

Rehema alinitazama. Ningeweza kudanganya, na nadhani wengi tungedanganya, kwa nia njema. "Hapana," nikasema. "Niliambiwa, nikaikataa."

Akaacha kumenya, akachana kona ya kanga yake, akatia punje chache za njegere, akaifunga na kunikabidhi fundo lile. "Angalau leo umeniambia kweli. Nitashuka. Ila ukitaka kuniuliza tena, niulize kwa hizi. Mdomo wangu una adabu nyingi."

Alishuka nasi jioni hiyo akiwa kiti cha mbele cha lori la kabichi, sisi wawili tukiwa juu ya mzigo. Usiku ule alipewa dawa za kuua usaha, na asubuhi tukaanza.

Hapa nawaelezea kazi yenyewe, maana mtaifanya. Njia nyepesi ya kulifikia fundo lile la mishipa ya fahamu ni kupitia puani: unachovya pamba iliyosokotwa kwenye kijiti ndani ya ganzi, unaisukuma taratibu mpaka ukuta wa nyuma, unaiacha pale dakika kadhaa. Lakini pua ya Bi Mwanaidi ilikuwa imezibwa, kwa hiyo ilibidi tupitie mdomoni. Ndani ya jino la mwisho la juu, kwenye kaakaa gumu, kuna kishimo. Kitafute kwa kidole kwanza, usikitafute kwa sindano. Sindano ikunje mapema ili isiweze kuingia zaidi ya pale panapotakiwa. Kabla ya kusukuma dawa, vuta nyuma kidogo: ukiona damu, toka. Sukuma polepole mpaka ukereke kwa upole wako mwenyewe. Dokta Lema alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake juu ya mkono wangu.

Kabla ya sindano nilimwekea bibi njegere tano kiganjani, nikanyoosha changu. Nikamwambia aniwekee maumivu yake. Akaniwekea zote tano bila hata kufikiri. Nikamrudishia. Nikachoma. Tukasubiri, nikanyoosha kiganja, akaniwekea mbili. Nikamrudishia. Tukasubiri tena. Akaweka moja, nikamrudishia. Nesi mmoja alikohoa mlangoni kuonyesha kwamba kuna wagonjwa wengine kwenye foleni, nikamwambia akakohoe nje. Niliponyoosha kiganja mara ya nne, Bi Mwanaidi alinitazama, akakunja vidole vyake juu ya njegere zote tano, hakunipa hata moja.

Dokta Lema akaanza kuvuta. Utepe ulitoka mweusi, wenye harufu ya kuangusha mtu, na nilidhani hautaisha. Bibi alikuwa ameangalia dari. Ulipotoka wote, Dokta Lema akasafisha, akaketi.

"Mnaanza lini?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Tumemaliza, bibi."

Aliinuka nusu, akaigusa pua yake kwa ncha ya kidole. Akatazama utepe kwenye beseni. Akamtazama Dokta Lema, kisha mimi. Nilikuwa nasubiri shukrani, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Kumbe dawa hii ipo?" alisema. "Siku ile pia ilikuwepo?"

Dokta Lema aliinamisha kichwa akaanza kupanga vyuma ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Hakunisema. Nikabaki mimi.

"Ilikuwa kabatini," nilimjibu.

Bi Mwanaidi alifungua kiganja, akazitazama njegere zake, akazifunga tena.

Mchana ule nilijifungia kwenye chumba cha mafaili. Sikuhesabu, sikuwa na moyo wa kuhesabu. Nilifungua tu na kusoma majina, na kila jina lilikuja na uso wake. Kulikuwa na mzee aliyekuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili mpaka vifundo vikawa vyeupe, akaniambia "Alhamdulillah". Sifuri. Kulikuwa na mhadhiri aliyegeukia ukutani baada ya kuniambia "tuko vizuri, sista". Sifuri. Kulikuwa na mama aliyeuma kona ya shuka. Kumbe nilikuwa nimeyaona yote! Vyuma, ukuta, shuka, machozi, vyote vilikuwa kichwani mwangu vimehifadhiwa vizuri, na pembeni yake mwandiko wangu, wa duara, safi, ule waliousifu wakaguzi. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuijua. Nililia, kisha nikafuta miwani, nikatoka kumwomba Dokta Lema msamaha. Alisema, "Sawa, mama," kama siku ile ya kwanza. Nikamwambia asiniambie tena sawa. Kuanzia siku hiyo alibishana nami kila siku, na ninyi ni mashahidi.

Ndiyo maana mliponikuta kazini mlikuta kopo dogo la dawa lenye njegere tano kavu mfukoni mwangu, mkanicheka. Ndiyo maana niliwakataza kuuliza maumivu kwa pumzi moja na salamu. Salimia, subiri, kaa chini, halafu nyoosha kiganja bila kusema kitu. Mtu anaweza kuudanganya uso wako kwa heshima, lakini kiganja kilicho wazi kinamsumbua.

Bi Mwanaidi alirudi kwa hiari yake kufanyiwa upande wa kushoto. Safari hii ganzi ilitangulia, na alikaa siku zake zote mbili wodini akiwasema wauguzi. Wiki chache baadaye alikuja kuonwa, wakati chakula cha wagonjwa kinapita. Akasimama katikati ya korido, akanusa, akatangaza kwamba uji umeungua. Ulikuwa umeungua kweli. Mpishi hakufurahi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimewaahidi ukweli, na ukweli una kipande kilichobaki, kilichotokea nikiwa nimeshastaafu.

Mwezi mmoja baada ya pilau yenu nilishindwa kulala. Pua ilikuwa inaziba kwa muda mrefu na nilikuwa nasingizia vumbi. Dokta Lema alichungulia na kamera yake, akacheka, akaniambia mama, ni zamu yako. Rehema ndiye aliyenilaza na ndiye aliyenipa ganzi. Nilizinduka sina maumivu hata kidogo, nikaringa siku nzima. Alasiri ya siku ya pili ganzi ilikuwa imekwisha nguvu, gozi bado imo, na hapo ndipo nilipopata habari zangu. Kuna msumari unaoanzia katikati ya macho na kuishia kisogoni. Meno ya juu yanauma ingawa hakuna aliyeyagusa. Ukimeza mate, masikio yanapasuka. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda.

Akaja muuguzi mgeni, binti ambaye simjui, ana fomu mkononi. "Shikamoo bibi," alisema, na akapiga goti kidogo, jinsi mtoto aliyelelewa vizuri anavyofanya.

"Marahaba mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Salama tu."

Akaandika, akatabasamu, akaenda kitanda kinachofuata.

Nilibaki nimeduwaa. Mimi! Mwenye kopo! Niliyepanda Mgeta kwa miguu na kubebeshwa ungo mapajani! Nilifungua mdomo nimwite arudi, nikashindwa. Alikuwa amenisalimia vizuri sana.

Sijui ilipita saa nzima au nusu. Rehema aliingia, akanisalimia, akavuta kiti, akaketi. Hakuniuliza chochote. Alitoa mfukoni mwake kopo langu, lile nililomwachia siku ya kuondoka, akanimwagia njegere tano kiganjani. Kisha akanyoosha chake.

Nikampa moja.

Hakukifunga kiganja. Nikaongeza ya pili, nikamwambia inatosha, akamshughulikie yule mama wa kitanda cha tatu. Mkono wake ulibaki pale pale, wazi, umetulia kama wa Mzee Mkude. Nikatia ya tatu, ya nne. Ya mwisho niliishikilia, kwa haya, uzeeni mwangu, mbele ya mtoto niliyemfundisha kazi mwenyewe. Halafu nikaiachia.

Rehema alizirudisha kwenye kopo moja moja. Akachukua fomu iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaisoma sifuri ile, akaikata kwa mstari mmoja, akaweka sahihi yake pembeni, akaenda kuandaa sindano.